Kupanua Mkao wa Pikapu

Ndugu wafanyakazi, pikapu inayotubeba kwenda shambani hupinduka kwa shida zaidi magurudumu yake yakiachana. Pete ya chuma ya milimita 25 kati ya habu na rimu, kila upande, huongeza upana milimita 50. Rimu iliyotokeza nje hufanya kazi hiyo hiyo bila nati za ziada za kulegea, ndiyo tunayoipendelea. Zote mbili huelemea beringi, kwa hiyo tusizidishe. Nati zikazwe tena kabla ya kilomita 100. Kupanga washa badala ya pete ni kutafuta kifo. Na mwajiri akiinua springi ili apakie watu wengi waliosimama, uzito hupanda juu na upana huo hautuokoi, tukatae kupanda.