Tarehe 12 Disemba: Siku Moja, Mambo Mawili

Ndugu msomaji, hebu fanya jaribio dogo kwenye kikundi chenu. Uliza: Kenya ilikuwa Jamhuri mwaka gani? Wengi watajibu haraka haraka, 1963. Hapana. Mwaka wa 1963 tulipata Uhuru. Jamhuri ilikuja mwaka mmoja baadaye, tarehe ile ile, 12 Disemba 1964. Na hilo la pili, ambalo halizungumzwi sana, ndilo lililogusa zaidi zahanati, maji na barabara za kijijini.

Tuanze na la kwanza. Usiku wa kuamkia 12 Disemba 1963 watu walijaa pale kando ya barabara ya Lang'ata, Nairobi, mahali panapoitwa sasa Uhuru Gardens. Ilipofika saa sita usiku bendera ya Mwingereza ikateremshwa, yetu ikapandishwa: nyeusi, nyekundu na kijani, pamoja na mistari myeupe, ngao na mikuki. Prince Philip alikuwepo kwa niaba ya mkewe, Malkia Elizabeth. Wimbo wa taifa ulikuwa mpya, lakini sauti yake ilikuwa ya zamani. Ilitoka kwa Wapokomo wa Mto Tana, ambako kina mama waliitumia kuwabembeleza watoto. Na Mlima Kenya nao haukusahauliwa, kwani Kisoi Munyao aliupanda na bendera akaisimamisha huko juu kwenye barafu.

Pwani kulikuwa na jambo lingine. Ule ukanda wa maili kumi ulikuwa kisheria mali ya Sultani wa Unguja, Mwingereza akiulinda tu. Mapatano ya Oktoba 1963 ndiyo yaliyouingiza Kenya. Kwa hivyo mtu wa Mombasa au Malindi alipolala tarehe 11 alikuwa chini ya Sultani, akaamka Mkenya. Wako waliofurahi na wako waliohuzunika. Kule Kaskazini Mashariki, ambako wengi walitaka kuungana na Somalia, serikali ilitangaza hali ya hatari kabla ya mwezi huo kwisha. Si kila mtu alicheza ngoma.

Sasa, wengi hudhani kwamba usiku ule Malkia aliondoka kabisa. La. Kwa mwaka mzima aliendelea kuwa Malkia wa Kenya, akiwakilishwa na Gavana Mkuu, Malcolm MacDonald. Mzee Jomo Kenyatta alikuwa Waziri Mkuu, cheo alichokuwa nacho tangu Madaraka, 1 Juni 1963.

Tena katiba ya wakati huo ilikuwa ya majimbo. Kulikuwa na majimbo saba, kila moja na baraza lake lililochaguliwa na wananchi, na kazi zake yenyewe. Huko Nairobi kulikuwa na Seneti ya watu 41, kila wilaya ikitoa mmoja, ili kulinda haki za majimbo. Chama cha KADU, chake Ronald Ngala, ndicho kilichopigania mpango huu, kikihofia kwamba makabila madogo yatamezwa. KANU hawakuutaka. Walisema ni wa gharama nyingi, na kwamba utaligawa taifa changa. Ukiwasikiliza vizuri, pande zote mbili zilikuwa na hoja.

Novemba 1964 KADU kikavunjwa, wabunge wake wakajiunga na serikali. Baada ya hapo hapakuwa na wa kupinga. Ilipofika 12 Disemba 1964 Kenya ikawa Jamhuri: Kenyatta akawa Rais, Jaramogi Oginga Odinga Makamu wake. Rais huyo wa kwanza hakupigiwa kura na wananchi kuwa Rais. Katiba iliyorekebishwa ilisema tu kwamba Waziri Mkuu aliyekuwepo ndiye atakayeshika kiti. Marekebisho ya mwaka huo ndiyo yaliyonyang'anya majimbo nguvu zao. Majimbo yakawa mikoa tu, PC akitumwa kutoka juu, chini yake DC, DO, hadi chifu. Seneti nayo ikaondolewa 1966. Kwa karibu miaka hamsini mtu wa kijijini aliyetaka zahanati ilibidi angoje Nairobi ikumbuke. Ilikumbuka wengine, wengine ikawasahau, na watu wanajua ni akina nani.

Yote hayo yalipitia Bungeni peke yake. Hapa ndipo Katiba ya 2010 inapotofautiana. Inasema kaunti zipewe angalau asilimia 15 ya mapato yanayokusanywa na serikali ya kitaifa, na ugatuzi wenyewe hauwezi kubadilishwa bila kura ya maoni. Kaunti 47 zilianza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013, nazo ndizo zenye zahanati, chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na maji. Katiba hiyo hiyo, ikitaja sikukuu za taifa, imeipa 12 Disemba jina la Jamhuri. Lakini wazee wengi bado huiita siku ya Uhuru, na hawajakosea.

Kwa mazungumzo ya kikundi: mtafuteni mzee au mama aliyekuwa na miaka kumi hivi mwaka wa 1963; sasa ameshapita sabini, msikawie. Mwulizeni alikuwa wapi usiku ule, na kama aliona tofauti yoyote mwaka uliofuata. Halafu mjadiliane: zahanati yetu ilijengwa lini, na pesa zilitoka wapi, kaunti, Nairobi ama harambee? Bunge la kaunti linatakiwa na Katiba kuwashirikisha wananchi katika kazi zake. Nani kati yetu amewahi kuhudhuria mkutano wa bajeti, na alisema nini?