Fundi Anayeona Haya Kujinadi

Mshonaji mmoja wa Tanga ameiandikia safu hii barua yenye uchungu. Anashona madera na magauni ya kitenge, na wateja wake wa zamani hawajamkimbia. Ila jirani yake, aliyeshika cherehani juzi juzi tu, ndiye anayefurika oda. Kila asubuhi jirani huyo huweka WhatsApp na Instagram picha za nguo za kuvutia, nyingi zikiwa kazi za mafundi wa Lagos na Accra. Mama wa mwandishi wa barua humtuliza bintiye kwa methali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sasa binti anauliza, akianza naye kujinadi atakuwa amekosa adabu?

Hapana. Ajinadi, tena kwa sauti ya kusikika.

Methali ya mama ina ukweli wake pale ambapo mtaa mzima unamjua fundi na mkono wake. Mteja wa Korogwe au wa Pemba anayetafuta nguo kwa simu hamjui mtu. Asipoonyeshwa kazi, kwake kazi hiyo haipo.

Na pwani hii imewahi kuona kizuri kikijitembeza. Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880. Kabla jina lake halijavuma, alikuwa akiuza vyungu mjini, akipita mitaani na kuvinadi kwa sauti yake nzuri. Sauti iliyonadi vyungu ndiyo iliyowafanya watu wamsikilize. Walikuwepo waliomdharau kwa asili yake na kwa sura yake, lakini hakujigeuza mtu wa kasri ili awaridhishe. Taarabu ya kasri ya sultani iliimbwa kwa Kiarabu. Siti akaimba kwa Kiswahili, akayaeleza mambo ya watu wa kawaida, hata hukumu zilizowaonea wanyonge. Mwaka 1928 yeye na wenzake walikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri. Mwanamke huyu alijitangaza maisha yake yote, na hakutangaza kitu asichokuwa nacho. Hapo ndipo fundi wa Tanga anapotofautiana na jirani yake, wala si kwenye wingi wa picha.

Kijana wa Kimaasai wa Tanzania, Kili Paul, amefanya vivyo hivyo katika zama za simu. Akiwa na dada yake Neema, amevaa mavazi ya kwao na nyuma yake yapo mazingira ya kijijini, aliigiza kwenye video nyimbo za filamu za Kihindi hadi Ubalozi wa India mjini Dar es Salaam ukamtunukia heshima mwaka 2022. Angekodi suti na studio, pengine asingekumbukwa na mtu.

Kwa hiyo fundi aanze na nguo iliyopo mezani pake leo. Aipige picha kwenye mwanga wa mchana, upande wa nje na wa ndani, kwa sababu mshono wa ndani ndio unaomtambulisha fundi. Aandike bei na siku atakazochukua. Mteja akikubali kupigwa picha akiwa ameivaa, ni bora zaidi, asipokubali, aachwe. Picha za nguo za harusi alizoshona zamani zisifungiwe kwenye simu. Na akiombwa mtindo asioujua, aseme hivyo waziwazi, maana mteja aliyeonyeshwa gauni la Lagos akapewa jingine harudi, na huko alikokwenda hanyamazi.

Kisha aweke jina. Mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, ambaye biashara yake ilianza mwaka 1887, alizitambulisha kanga zake kwa maneno "Mali ya Abdulla", na hadi leo wapo wanawake wanaoyatafuta kwenye upindo kabla ya kutoa pesa. Lebo ndogo shingoni mwa gauni inatosha kwa kuanzia. Baadaye jina hilo lisajiliwe BRELA, ambako kwa Tanzania Bara husajiliwa majina ya biashara na alama za biashara pia, ili mwingine asilichukue.

Nanyi wasomaji mlio na fundi mnayemwamini, mkisifiwa nguo msiishie kusema asante. Mtajeni aliyeishona, na mtoe namba yake ya simu iwapo ameridhia.