Kusoma Majivu: Moto Ulianzia Wapi?



Kila mwaka, kati ya Juni na Oktoba, nyasi hukauka kuanzia uwanda wa Usangu hapa Igawa hadi vilima vya Mufindi, lilipo shamba la miti la Sao Hill. Moto ukiteketeza miti ya usharika, maneno huanza kabla majivu hayajapoa: "Ni wafugaji." "Ni jirani mwenye wivu." Tunasema lisemwalo lipo, lakini kwa neno hilo mtu asiye na kosa anaweza kupigwa au kuhama kijiji. Katika somo hili tujifunze jinsi wachunguzi wanavyotafuta chanzo cha moto.

Moto husafirije?

Moto huhitaji vitu vitatu: kitu cha kuungua, hewa na joto. Hufuata upepo, na hupanda mlima haraka kuliko unavyoshuka, kwa kuwa joto lake hukausha nyasi za juu kabla miali haijazifikia. Kwa hiyo eneo lililoungua mara nyingi huwa jembamba mwanzoni na pana mbele.

Ishara za kusoma

Mchunguzi huanzia pale moto ulipoishia, akarudi nyuma hatua kwa hatua.

1. *Mawe*: upande uliopokea moto huwa na masizi; upande wa pili huwa safi zaidi.
2. *Nyasi*: moto unaokwenda kinyume cha upepo hula mabua kutoka chini. Yakianguka, ncha zake kwa kawaida huelekea moto ulikotoka.
3. *Miti*: moto unaosukumwa na upepo huunguza shina juu zaidi upande ule unakoelekea.

Ishara moja haitoshi, nyingi zikubaliane. Karibu na chanzo moto ulikuwa bado mdogo, hivyo huko hutafutwa mafiga, kienge cha mrina asali au kipande cha sigara. Hata hivyo, kutokuta kitu si ushahidi kwamba mtu alichoma kwa makusudi.

Tukumbuke moto wa Mlima Kilimanjaro ulioanza tarehe 11 Oktoba 2020. Maelezo ya awali ya TANAPA yalitaja wapagazi waliokuwa wakipasha chakula eneo la Whona. Moto mdogo wa kupikia unaweza kuwa janga bila adui yeyote.

Kamati ifanye nini?

- Moto ukizimwa, zungushieni kamba mahali panapodhaniwa ni chanzo. Watu na mifugo wasipakanyage.
- Andikeni saa, upepo ulikotoka na aliyeuona moto kwanza. Pigeni picha.
- Toeni taarifa kwa serikali ya kijiji, polisi na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, namba 114.
- Msimtaje mtu kwenye mkutano kabla ya uchunguzi.

Kwa wafadhili wetu: kujua moto huanzia wapi hutuonyesha pa kulima njia za kuzuia moto, na hivyo miche mliyoichangia hulindwa. Tukimlaumu asiyehusika, chanzo hubaki palepale, na mwaka ujao tutaungua tena.

Maswali ya kujadili

1. Katika eneo letu, ni shughuli gani hutumia moto wakati wa kiangazi?
2. Nani atalinda eneo la chanzo siku ya kwanza?
3. Tutamlindaje anayetuhumiwa kwa uvumi?