Mtu Aliyezama Hudai Pumzi

Sisi wa pande za ziwani tunayo desturi moja ambayo nataka kuipinga katika gazeti letu hili. Mtu akiopolewa majini hana fahamu, watu humbeba kichwa chini miguu juu, au humkamua tumbo ili atapike maji. Nia yao ni njema, lakini wanazipoteza dakika zilizo za thamani kuliko zote.

Yafaa tujue mtu huyo anauawa na nini. Majini huzuia pumzi awezavyo, kisha hushindwa akaivuta, na maji huingia kooni. Mara nyingi koo hujibana lenyewe, kwa hiyo maji yafikayo mapafuni si mengi. Yale ya tumboni aliyameza tu, wala siyo yanayomwua. Kinachomwua ni kukosa oksijeni. Damu huendelea kuzunguka kwa muda, lakini yazunguka mikono mitupu. Huzimia, huacha kupumua, kisha moyo nao husimama. Ubongo hauna akiba: ukikosa oksijeni kwa dakika nne au tano hivi huanza kuharibika. Na ukimkamua tumbo, matapishi hupanda, yakashuka mapafuni.

Basi mpe pumzi. Mlaze chali mahali pagumu, inamisha kichwa chake nyuma na kumwinua kidevu ili ulimi usizibe njia, mbane pua, umpulizie kinywani mara tano hata uone kifua kinainuka. Mwenzetu mmoja darasani aliuliza, pumzi iliyokwisha tumika itamfaa nini? Swali zuri. Hewa tunayovuta ina oksijeni kama sehemu 21 katika 100. Tunayoitoa ingali na kama 16. Yamtosha. Asipopumua, kandamiza katikati ya kifua mara 30, upesi na kwa nguvu, kishuke sentimita 5 hivi kwa mtu mzima. Kisha pumzi 2, tena 30, bila kukoma, huku mwingine akikimbilia msaada. Akitapika, mgeuze ubavu.

Jambo hili si geni. Chama cha kuokoa waliozama kiliundwa Amsterdam mwaka 1767, kikafundisha kupuliza kinywani, na pia kupuliza moshi wa tumbaku kwa njia ya nyuma! Moshi uliachwa, pumzi ingalipo.

Hata akizinduka na kusema hajambo, apelekwe hospitali siku ileile, kwani mapafu yaliyoingia maji huweza kumlemea saa kadhaa baadaye.