Jiwe Likipasuka Linapelekwa kwa Nani? Ninavyojenga Teknolojia ya Kichawi

Rasimu ya kwanza ya riwaya yangu ilikuwa na mataifa matano: la moto, la maji, la upepo, la miti na la mifupa. Kila taifa lilikuwa na mafundi wake, silaha zake na rangi ya bendera yake, na ramani yake niliichora kwa wino kwenye karatasi ya manila. Nikampa binti wa kaka yangu aisome. Alikuwa na miaka 14, na hana huruma na kitabu kinachomchosha. Siku ya tatu akanirudishia kurasa zangu na maswali mawili: "Shangazi, hawa watu wa moto jikoni wanapikia nini? Na fimbo ya moto ikipasuka, inapelekwa kwa nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeandika vita saba, na hapakuwa na hata fundi mmoja wa kuziba ufa. Nilipoketi kuyachunguza mataifa yangu upya nikaona ni taifa moja nililolivisha nguo tano.

Kilichonifungua macho ni chuma. Nilikuwa nasoma habari za ufuaji wa zamani nikitafuta tu maelezo ya tanuri kwa ajili ya sura moja. Nikakutana na Wahaya wa magharibi ya Ziwa Viktoria, ambao wazee wao katika miaka ya 1970 walijenga tena tanuri la jadi mbele ya watafiti. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery wakaandika katika jarida la Science walichokiona. Shimo la tanuri lilijazwa majani ya kinamasi yaliyochomwa. Mirija ya udongo iliyotoka kwenye mivukuto iliingizwa ndani kabisa ya tanuri, hivyo hewa ikapata moto njiani kabla haijafika kwenye makaa.

Halafu nikasoma juu ya Wafipa wa nyanda za juu karibu na Ziwa Tanganyika. Nao waliyeyusha chuma, kwa njia nyingine kabisa. Tanuri lao kubwa, la kundi la yale yanayoitwa malungu, lilisimama juu kuliko mtu, na halikupulizwa na mvukuto wowote: urefu wake wenyewe ulivuta hewa kupitia matundu ya chini. Kilichotoka humo kikapelekwa kwenye tanuri dogo, kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipofanya kazi ya kukisafisha. Kote ni mawe ya chuma, makaa na udongo, lakini mikono imefuata njia mbili. Nilisoma habari hizo usiku mmoja, na asubuhi nikaichana ramani.

Tangu hapo naanza na nguvu moja tu kwa dunia nzima, na naipa sheria isiyovunjwa na mtu yeyote, hata mfalme, hata shujaa wangu. Katika riwaya ninayoiandika sasa nguvu hiyo inaitwa mvumo. Yako mawe ambayo ukiyasugua kwa mpangilio fulani yanavuma, na yanapovuma yanahamisha joto kutoka mahali pamoja kwenda pengine. Hayaumbi joto, yanalihamisha tu. Ukichemsha chungu hapa, kuna mahali panapoganda. Sheria yenyewe ni hiyo, na ukiandika dunia yako nakusihi uandike yako fupi hivyo, kisha uibandike ukutani.

Baada ya sheria, swali ninaloliuliza kila taifa ni moja: mnakosa nini? Wengi tunauliza wana nini, tukawapa watu wa milimani dhahabu na watu wa pwani lulu, tukadhani tumemaliza. Kukosa ndiko kunakosumbua akili ya fundi usiku.

Wapelu wangu wanaishi visiwa vya matumbawe. Hawana kuni wala madini, na visima vyao vina chumvi. Kwa hiyo mvumo kwao ni kazi ya maji: wanachukua joto la miamba iliyopigwa jua mchana kutwa, wanalipeleka kwenye vyungu vya udongo vyenye maji ya bahari, mvuke unakingwa, wanapata maji baridi ya kunywa na chumvi ya kuuza. Na kwa kuwa hawana chuma cha kutoboa jiwe, mawe yao yote yanafungwa kwa kamba. Hapa niliwakumbuka wajenzi wa mitepe wa pwani yetu, walioshona mbao kwa kamba za makumbi bila msumari. Nikakumbuka pia akina mama wa Unguja wanaofukia makumbi pwani miezi mingi, kisha kuyafukua, kuyaponda na kusokota kamba. Basi nani mwenye nguvu katika visiwa vya Wapelu? Si mwenye jiwe. Ni msokotaji. Kamba ikilegea jiwe linaacha kuvuma, na kijiji kinalala na kiu. Swali la binti wa kaka yangu likapata jibu ambalo nisingelipata kwa kufikiria silaha.

Wamasuli wa milimani shida yao ni baridi inayoganda usiku na kuunguza viazi shambani, kama inavyotokea Kitulo. Wao wanachota joto la mto na kulimwaga kwenye matuta. Mashamba yanapona, na huko chini mto unaganda, na waliopo chini ni watu wenye kinu cha kusagia na watoto wanaohitaji kuoga. Kwa miezi miwili nilikwama hapa nikitafuta jiwe bora zaidi la kuwaokoa. Nilipoelewa mifongo ya Uchagani nikaacha kulitafuta. Mfongo si mtaro tu unaoshusha maji ya Kilimanjaro hadi migombani. Ni pamoja na wazee wanaojua zamu ni ya nani, na siku ya watu wote kutoka na majembe kuusafisha. Uvumbuzi mkubwa wa Wamasuli, basi, nikaufanya kuwa zamu: kila tuta lina usiku wake, na anayechota joto usiku usio wake anahukumiwa na baraza. Hakuna kitu katika riwaya yangu ninachokipenda kuliko baraza hilo.

Wandaro wa mbuga za chumvi wanatumia mvumo kupoza maziwa safarini, na habari zao nimeziandika kwa kurasa chache tu. Si lazima kila taifa lipate nafasi sawa.

Jambo linalosahauliwa mno na waandishi wenzangu ni namna ujuzi unavyopita kutoka mkono hadi mkono. Lugha yetu imelala juu ya hazina hapa. Tuna mkoba anaorithishwa mganga, tuna kilinge, tuna mwiko, tuna ada ya kuingia na kilemba anachopewa fundi pale mwanagenzi wake anapohitimu. Ukiamua nani analipa kilemba na kwa nini, umeamua nusu ya siasa ya nchi. Venice mwaka 1291 iliamuru matanuri ya kioo yahamie kisiwa cha Murano, na kukusanya mafundi mahali pamoja kukarahisisha kulinda siri zao. Bizanti ilikuwa na moto wake wa vitani uliowaka hata juu ya maji, ikaificha kanuni yake kwa bidii hata ikapotea. Nawapa Wapelu siri ya kimya cha namna hiyo. Wamasuli nawanyima, kwa sababu jambo la zamu lazima lijulikane na wote.

Kisha natafuta mavi ya chuma. Kila tanuri linaacha takataka zake nyeusi chini, na wachimbuaji wa mambo ya kale hutambua kwa hizo kwamba hapa palikuwa na wafuaji. Uchawi nao uache kitu. Kwangu ni vidimbwi vya barafu katikati ya nchi ya joto, samaki waliokufa, mwamba uliopasuka kwa kupozwa ghafla mara elfu. Msafiri akiviona tu anajua amekaribia mji, nami sihitaji kumweleza msomaji chochote.

Mwisho ni majirani. Ujuzi husafiri, na mara nyingi hukataliwa mlangoni. Shaaban Robert alilijua hilo alipoandika Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951: nchi inayoelea angani inatuma wajumbe katika pande sita, wanarudi na maarifa, nao wanatupwa gerezani. Nilikisoma nikiwa shuleni nikadhani ni kitabu cha siasa pekee. Leo nakiona pia kama somo bora kwa anayejenga mataifa ya kubuni, maana kinauliza nani anapoteza cheo iwapo jambo jipya litafanya kazi. Mmasuli mmoja akipeleka zamu visiwani, wasokotaji watampokeaje? Nimeandika mkutano huo mara nne. Katika ule wa nne wanamsikiliza hadi mwisho, wanamlisha, wanamshukuru, na alfajiri anakuta kamba za ngalawa yake zimefunguliwa zote, zimekunjwa vizuri na kuwekwa mchangani. Sura ya vita bado sijaigusa. Wiki hii naandika jiko la yule msokotaji mkuu, chungu gani kiko mekoni na nani ameamka mapema kukaza kamba zake.