Gari la Kuazima Likiharibika, Ni Juu ya Nani?

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Tumeletewa mas-ala na ndugu zetu walioko bara, katika nchi ya majani ya chai, Kericho na Bomet. Mas-ala yenyewe ni haya. Mtu mmoja ana pikapu. Rafiki yake aliiazima kwa siku moja apeleke vyombo vya harusi kutoka Kericho hata Bomet. Walipofika Litein alichoka, akampa usukani rafiki yake mwingine aliyefuatana naye. Mvua ya alasiri, ambayo kule ni mazoea, ilikuwa imekwisha lowesha njia. Gari likateleza, likaingia mtaroni, ubavu ukabonyea na taa zikavunjika. Alhamdulillahi, hakuna aliyeumia.

Mwenye gari alipodai, aliyeazima alijibu: "Si mimi niliyeendesha." Aliyeendesha naye akajibu: "Hiyo ni kadari ya Mungu, na mimi nilikuwa nasaidia tu." Hivi sasa watu watatu hawa, waliokuwa wakisimama safu moja msikitini, hawapeani salamu. Nasi twajua kuwa Mtume wetu (s.a.w.) amekataza Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu. Basi jambo hili si la bati na vioo peke yake. Ni la udugu pia, na kwa hivyo twaona ni wajibu wetu kulieleza.

Kwanza, tufahamu kuazima ni nini. Wanavyuoni wameliita jambo hili ariya, yaani kumruhusu mtu atumie kitu chako bure, kisha akurudishie kitu chenyewe. Kama umelipwa ujira, hiyo si ariya, ni ijara, na hukumu yake ni mbali. Kuazimana ni wema mkubwa. Mwenyezi Mungu, mwisho wa Suratul Maun, amewalaumu wanaowanyima wenzao vyombo vya matumizi. Lakini yeye huyo aliyetuhimiza kupeana ametuamrisha pia, katika Suratun Nisaa, aya ya 58, kuzirudisha amana kwa wenyewe. Aliyeshika amri ya kwanza akaiacha ya pili ameshika nusu ya jambo.

Pili, tutazame mwendo wa Mtume (s.a.w.). Alipokuwa akienda vita vya Hunayn, mwaka wa 8 wa Hijra, aliazima deraya za vita kwa Safwan bin Umayya, ambaye wakati huo alikuwa bado hajasilimu. Safwan aliuliza kama ananyang'anywa. Mtume akamjibu kuwa sivyo, bali ni ariya yenye dhamana. Baadhi ya deraya zikapotea, na Mtume akataka kumlipa. Safwan hakukubali malipo, kwa kuwa moyo wake ulikuwa umekwisha uelekea Uislamu. Natuzingatie: aliyeazima ni Mtume wa Mungu, naye alikuwa mshindi aliyekwisha ifungua Makka, aliyeazimwa ni mtu asiye wa dini yake. Wala Mtume hakusema kuwa vita ni vita na vitu hupotea. Alijitolea kulipa kabla ya kusamehewa.

Tatu, kauli za maimamu. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu watu wa pwani, aliyeazima ni mdhamini. Kitu kikiharibika mkononi mwake, si kwa matumizi aliyoruhusiwa, atalipa, hata kama hakufanya uzembe. Kinachochakaa kwa matumizi yenyewe, kama mpira wa gurudumu unaolika kwa mwendo, hakilipwi, kwa kuwa mwenyewe amekwisha ruhusu. Imamu Ahmad naye ameelekea upande wa dhamana. Imamu Abu Hanifa ameona kuwa ariya ni amana, na aliyeazima halipi ila akipindukia mpaka au akizembea. Imamu Malik amepambanua baina ya vitu vinavyoweza kufichwa na visivyofichika. Hatuzitaji khitilafu hizi ili kila mtu achague ile inayomponya mfuko wake. Twazitaja ili asije mmoja akamwita mwenziwe mjinga.

Sasa turejee kwa pikapu yetu. Kwa Shafii, aliyeazima hana ruhusa ya kumwazima mtu mwingine kitu kile bila ya idhini ya mwenyewe. Aliruhusiwa yeye, hakupewa mamlaka ya kuruhusu. Lakini aweza kumtia mtu amfanyie kazi ile ile aliyoazimia, na huyo awe kama mkono wake. Kwa hivyo twauliza: huyu wa tatu aliendesha kwa haja ya nani? Ikiwa aliendesha kupeleka vyombo vile vile vya harusi, kwa niaba ya aliyeazima, basi aliyeazima hawezi kusema "si mimi niliyeendesha". Kazi ni yake, na dhamana ni juu yake. Ikiwa alipewa gari aende nalo kwa shughuli zake mwenyewe, mwenye gari ana haki ya kumdai yeyote kati ya wawili hao, na mwisho wa deni hukaa kwa yule ambaye gari liliharibika mkononi mwake. Naye akiwa alikwenda kwa kasi juu ya njia ya utelezi, au hana leseni, basi ameongeza kosa lake mwenyewe juu ya lile la kwanza.

Kuna sura nyingine ambayo watu huichanganya na hii. Mwenye gari akimwambia rafiki yake, "Chukua gari langu, uniletee mzigo wangu kutoka Sotik," huyo hakuazima. Huyo ni wakili. Mkono wake ni mkono wa amana, wala halipi ila akizembea au akipindukia mpaka. Haifai mtu kumtuma mwenziwe kwa haja yake, kisha akamgeuza mdaiwa.

Nne, ile hoja ya kadari. Sisi twaamini kuwa kila jambo ni kwa kadari ya Mwenyezi Mungu, lakini kadari haikupata kufuta deni. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kuwa mmoja wa wakeze Mtume (s.a.w.) alikivunja chombo cha mwenziwe kwa wivu. Mtume akakusanya chakula kilichomwagika, kisha akatoa chombo kizima kikapelekwa mahali pa kilichovunjika. Je, hakujua yeye kuwa kuvunjika kule kumekadiriwa? Anayeitaja kadari wakati wa kulipa, mbona haitaji wakati wa kudai?

Tano, kiasi cha malipo. Mwenye gari hana haki ya gari jipya kwa lililochakaa. Haki yake ni upungufu ulioingia: thamani ya gari lilivyokuwa kabla ya kuharibika, na thamani yake baada ya hapo. Natuitwe mafundi wawili waaminifu wakadirie. Na mdaiwa akiwa hana, tukumbuke Suratul Baqara, aya ya 280: mwenye dhiki hungojewa mpaka apate wasaa, na kusamehe ni bora zaidi. Lakini msamaha hutoka kwa mwenye haki. Mdaiwa hajisamehe mwenyewe.

Sita, sheria ya serikali. Kenya imelazimisha, kwa Sura ya 405, kila gari liwe na bima ya mtu wa tatu. Bima hiyo ni kwa ajili ya watu wanaoumizwa. Haitengenezi ubavu wa pikapu iliyoanguka. Tena mwaka 1969 Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki, katika kesi ya Karisa na Solanki, iliamua kuwa gari likithibitika kuleta hasara kwa uzembe, na pasiwe na ushahidi wa kupinga, huchukuliwa kuwa liliendeshwa na mtu ambaye mwenye gari ana jukumu juu yake. Basi anayeazima gari la mwenziwe huenda akamtia mwenyewe mahakamani. Wala hili si jambo dogo katika njia zile za vilima. Tarehe 30 Juni 2023, pale Londiani, katika kaunti hiyo hiyo ya Kericho, lori moja lilipoteza mwelekeo na watu zaidi ya 50 wakafa.

Wala ugomvi kama huu hauendi kwa Kadhi. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170, imemwekea Kadhi mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Lakini kifungu cha 159 kimehimiza sulhu. Kwa nini basi tupelekane kortini, hali tuna wazee msikitini?

Kwa mukhtasari, rai yetu ni hii. Aliyeazima na aende kwa mwenye gari leo, wala asingoje kesho, akiri dhamana yake. Aliyeendesha naye asikae nyuma. Achangie, kwani mkono wake ulikuwamo. Mwenye gari akubali makadirio ya haki, na akiweza apunguze. Nasi wengine tujifunze: tukiazima gari tuseme tunakokwenda na nani ataendesha, na yaandikwe. Wahenga wamesema, kukopa harusi, kulipa matanga. Gari lile lilikwenda harusini; tusiliache likazike urafiki.

Wallahu aalam.