Cheti Kipo, Kazi ya Msaidizi Iko Wapi?

Swali: Nimehitimu stashahada ya upigaji picha. Nimetuma wasifu kwa studio nyingi za Dar es Salaam, kimya. Nianzie wapi?

Jibu: Anzia kwenye msimu, si kwenye barua. Studio za harusi mara nyingi hazina msaidizi wa kudumu. Humwita mtu kwa siku, na humwita wanayemjua. Kwaresima na Ramadhani harusi hupungua, na hapo ndipo mwenye studio ana muda wa kukusikiliza. Desemba hana. Ukifika, usitangulize picha zako. Anatafuta mtu wa kushika taa bila kuingia kwenye picha, kuchaji betri usiku, na kutenga kadi zilizojaa na zilizo tupu. Kadi ikipotea, ndoa haifungwi upya. Ujuzi wa kupiga picha si sharti la kwanza: mwaka 1923, mjini Paris, mpigapicha Man Ray alimwajiri Berenice Abbott awe msaidizi wake wa chumba cha giza ingawa hakuwa na ujuzi wowote wa picha. Baadaye Abbott akawa mpigapicha mkubwa wa New York.

Utauliza, basi cheti cha nini? Kinakufupishia kujifunza, lakini hakimhakikishii mtu kwamba utafika alfajiri. Na kufanya kazi bure, si kunyonywa? Siku moja ya kujaribiwa inavumilika (nauli na chakula juu ya mwenye studio). Ya pili, ujira utajwe kabla hujabeba stendi. Kubalianeni pia kuhusu picha utakazopiga wewe: ukizibandika Instagram bila ruhusa, simu haitaita tena.